Mwalimu Nyerere na gharama ya ulinzi: Uwezo wa kulilinda taifa ulitoka wapi?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, Bunge linapokutana Dodoma kwa mkutano wa bajeti, hufika siku ambayo Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa husimama kuomba fedha za wizara yake. Wananchi wengi huipitia siku hiyo kimya. Bei ya mbolea, upungufu wa madawati na ukosefu wa dawa katika zahanati ni mambo wanayoyaona kwa macho yao. Ulinzi huonekana kuwa shauri la wenyewe, yaani waliovaa magwanda.

Lakini fedha hizo hutoka katika mfuko ule ule wa mwananchi, na mtu aliyeliunda jeshi letu hakutaka kamwe ulinzi uwe shauri la wanajeshi peke yao.

Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, anakumbukwa kwa hotuba yake ya Novemba 2, 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera. Katika hotuba hiyo aliwaambia Watanzania kwamba wanao uwezo, wanayo sababu na wanayo nia ya kumpiga mvamizi. Maneno hayo matatu yamerudiwa mara nyingi, hata katika majukwaa ambayo hayahusiani na vita.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwa kuwa ardhi ya nchi ilikuwa imetwaliwa. Nia nayo ilionekana katika vijiji na viwanda. Neno linalohitaji kuelezwa ni uwezo. Nchi maskini, iliyokuwa huru kwa miaka 17 tu, iliupata wapi uwezo huo, na nani aliulipia?

Hakuanza na jeshi kubwa

Kiongozi aliyeipeleka nchi vitani mwaka 1978 hakuwa mpenzi wa majeshi. Katika miaka ya kupigania na kupata Uhuru, Mwalimu alikuwa akieleza hofu yake kwamba taifa la Kiafrika likijizatiti kwa silaha, kwa hali halisi silaha hizo zitaelekezwa kwa taifa jingine la Kiafrika. Adui aliyekuwa akimtaja kila siku hakuwa na bunduki: ujinga, maradhi na umaskini.

Kwa mtazamo huo, shilingi iliyokwenda katika silaha ilikuwa shilingi iliyoondolewa darasani au katika kisima cha maji. Ndiyo maana Tanganyika huru iliendelea na jeshi dogo ililolirithi kwa Waingereza, la Tanganyika Rifles, lenye batalioni mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Tabora. Maofisa wake wa juu walibaki kuwa Waingereza.

Urithi huo ulikuwa rahisi kwa fedha, lakini gharama yake nyingine ilikuja kuonekana baadaye.

Funzo la Januari 1964

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini. Madai yao makubwa yalikuwa mawili, nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Siku iliyofuata uasi ulifika Tabora, na katika wiki hiyo hiyo askari wa Uganda na Kenya nao wakagoma.

Mwalimu alilazimika kufanya jambo lililomuuma: kuwaomba watawala wa jana waje kuwanyang'anya silaha askari wa taifa huru. Januari 25, makomando wa Uingereza waliteremka Colito, na maasi yakazimwa. Baadaye, kwa msaada wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, askari wa Nigeria walikuja kushika nafasi ya Waingereza wakati Tanganyika ikijipanga upya. Mwalimu hakulificha hilo. Alilitaja hadharani kuwa ni aibu.

Njia nyepesi baada ya hapo ingekuwa kuongeza mishahara, kununua vifaa vipya na kuendelea na jeshi lile lile. Mwalimu alichagua njia nyingine. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na vijana wapya wakaandikishwa, wengi wao kupitia umoja wa vijana wa TANU. Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya.

Neno wananchi katika jina hilo halikuwekwa kama pambo. Lilibeba hoja nzima ya Mwalimu, kwamba jeshi linalohesabu mshahara tu litaasi mshahara unapokuwa haba, na nchi maskini haitakuwa na mshahara wa kutosha kununua utii. Kwa hiyo utii wa askari lazima utoke mahali pengine: katika kujua anamlinda nani, na kwamba anayelindwa ni mzazi na ndugu yake.

Anayelipa na anayeamuru

Swali la pili lilikuwa la vifaa na mafunzo. Jeshi jipya lilihitaji bunduki, magari, ndege na walimu, na hazina ya nchi haikuweza kuvigharimia vyote. Msaada wa nje ulikuwa haukwepeki. Swali likawa ni msaada wa nani, na kwa sharti gani.

Mwaka huo huo wa 1964 Mwalimu alikubali wakufunzi wachache kutoka China. Mataifa ya Magharibi yalishtuka. Jibu lake kwa waandishi wa habari lilikuwa jepesi na kali: jeshi lililomwasi Januari halikuwa limefunzwa na Wachina.

Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa imekubali kusaidia kuunda kikosi cha anga. Lakini baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na ubalozi Zanzibar, iliruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Serikali ya Bonn haikuvumilia jambo hilo. Februari 1965 iliwaondoa wataalamu wake wa kijeshi. Badala ya kubembeleza, Mwalimu aliiambia Bonn ichukue na misaada yake mingine ya kiserikali iliyosalia. Hoja yake ilikuwa kwamba rafiki hawezi kupewa haki ya kutuchagulia maadui.

Kanada ndiyo iliyochukua kazi ya mafunzo hadi mwaka 1970. Baada ya hapo China ikawa mshirika mkuu, ikasaidia katika kikosi cha anga na cha majini na katika ujenzi wa kituo cha ndege za kivita cha Ngerengere.

Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru wao. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukitarajiwa kutoka London ukazuiwa.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, tunaona msimamo wake kuhusu fedha za ulinzi. Msaada unaweza kupokelewa, lakini usitoke kwa mlango mmoja, na siku mwenye mlango atakapotaka kuamua sera ya nchi, nchi iwe tayari kuukosa. Msimamo huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa kila mfadhili aliyeondoka aliacha pengo. Lakini kwa Mwalimu pengo la vifaa lilikuwa afadhali kuliko jeshi ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Ngome ya watu

Kama fedha ni chache na msaada una masharti, taifa linabaki na nini? Jibu la Mwalimu lilikuwa watu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, hoja hiyo hiyo ilihusu pia ulinzi.

Chombo cha kwanza kilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963, hata kabla ya JWTZ. Kijana wa JKT alijifunza kushika bunduki, lakini alishika na jembe. Alilima, alijenga na kulisha sehemu ya kambi yake. Kwa nchi isiyo na fedha, hii ilikuwa njia ya kuwa na watu waliofunzwa bila kuwaweka wote katika orodha ya mishahara ya jeshi.

Mpango huo haukupokewa na wote. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga utaratibu wa kuwalazimisha wasomi kujiunga na JKT. Walilalamikia hasa kukatwa asilimia 60 ya mishahara yao katika kipindi cha kutumikia taifa nje ya kambi. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, na wanafunzi wapatao 400 wakarudishwa makwao. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kitendo hicho ndicho kinachoeleza vizuri mawazo yake kuhusu gharama za taifa. Adhabu ilikuwa kali, na wapo wanaoilaumu hadi leo. Hata hivyo aliona kwamba kiongozi hana haki ya kumwambia kijana ajitoe ikiwa yeye mwenyewe hakuguswa.

Chombo cha pili kilikuwa mgambo. Novemba 1970 Guinea ilivamiwa kutoka baharini kwa mpango wa Wareno, na Januari 25, 1971, Idi Amin akampindua Milton Obote katika nchi jirani ya Uganda. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika na ya wapigania uhuru wa kusini, hivyo hatari ilikuwa dhahiri. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wote, na kwamba wapewe mafunzo ya mgambo mijini na vijijini, viwandani na mashambani.

Kagera yaleta hesabu

Mwishoni mwa Oktoba 1978 hesabu ikaletwa mezani. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuitwaa ardhi iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, eneo la takriban kilometa za mraba 1,800. Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wananchi waliuawa, wengine wakakimbia na kuacha nyumba na ng'ombe wao wakiporwa.

Siku zile za kwanza zilionyesha udhaifu wa ulinzi wetu. Askari waliokuwa karibu na mpaka walikuwa wachache mno kuweza kuuzuia uvamizi, na vikosi vikubwa vilikuwa mbali. Nchi haikuwa na magari ya kutosha ya kuvifikisha upesi.

Hapo ndipo maandalizi ya miaka 14 yalipopimwa. Waziri Mkuu, Edward Sokoine, alisimamia kazi ya kukusanya nguvu za nchi. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kusafirisha askari. Mikoa ilichangia chakula na mifugo. Mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza waliingizwa katika vikosi, na jeshi likaongezeka zaidi ya maradufu katika muda mfupi. Nchi isiyoweza kulipa jeshi kubwa wakati wa amani ilikuwa na watu waliokwisha kufundishwa kushika silaha.

Lakini watu peke yao wasingetosha. Mizinga na makombora yaliyotumika, yakiwamo yale yaliyokuja kujulikana kwa jina la Saba Saba, yalikuwa silaha za kununuliwa au kupewa kutoka nje. Hata taifa lililojitahidi kujitegemea lilihitaji chuma, risasi na mafuta. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yameikamilisha kazi hiyo katika Uganda nzima.

Bili baada ya ushindi

Ushindi ulikuja na bili. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita hivyo viliigharimu Tanzania karibu dola milioni moja za Marekani kwa siku, na jumla yake kufikia dola milioni 500. Msaada kutoka Afrika haukuwa mkubwa, ingawa Msumbiji ilituma kikosi chake. Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, zilisikika lawama kwamba Tanzania ilivuka mpaka wa nchi nyingine.

Mwalimu aliwaambia wananchi wazi kwamba wajiandae kufunga mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka yaliyofuata: foleni za sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa. Miezi 18 ilipita, na mikanda haikulegea.

Si haki kuitwisha vita lawama yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, mafuta yalipanda tena mwaka 1979, na sera zetu wenyewe za uzalishaji zilikuwa na kasoro. Lakini vita vilimaliza akiba ya fedha za kigeni wakati ilipohitajiwa mno.

Mwaka huo huo mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikwama, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu alihoji ni lini shirika hilo lilikuwa wizara ya fedha ya dunia. Ni hoja ile ile aliyowapa Wajerumani mwaka 1965, lakini safari hii nchi ilikuwa imechoka zaidi. Makubaliano na shirika hilo yalitiwa saini mwaka 1986, baada ya yeye kung'atuka.

Hapa ndipo mawazo ya Mwalimu yanapokutana na ukomo wake. Alifaulu kuwaandaa watu kwa ajili ya vita, lakini hakuwa ameandaa akiba ya kuvilipia. Moyo wa wananchi uliiokoa Kagera. Haukuweza kununua vipuri na mafuta ya miaka iliyofuata.

Yapo pia mengine ya kuhojiwa. Kuliunganisha jeshi na chama kulisaidia baada ya maasi ya 1964, lakini hakukuwa kinga kamili, kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 1983 iligunduliwa njama ya kuiangusha Serikali iliyowahusisha baadhi ya wanajeshi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wanajeshi walikatazwa kuwa wanachama wa chama chochote. Sehemu hiyo ya mawazo yake ilifikia mwisho, na inastahili iwe hivyo.

Kilichobaki

Sehemu nyingine ziliendelea kuishi. Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, lililoanzishwa mwaka 1981, lilitokana na wazo kwamba chombo cha ulinzi kinaweza kuchangia gharama zake. Kiwanda cha Mzinga mkoani Morogoro na kituo cha magari cha Nyumbu, Kibaha, ni matunda ya fikra ya kupunguza utegemezi wa vifaa vya nje. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa uhaba wa fedha. Yalirejeshwa mwaka 2013.

Kwa msomaji wa leo, mawazo ya Mwalimu hayatoi kiwango cha fedha ambacho wizara ipewe. Yanatoa maswali ya kuuliza kila bajeti ya ulinzi inaposomwa. Je, askari anaishi na kutendewa kwa namna ya kumfanya aione nchi kuwa ni yake? Vifaa vinavyonunuliwa vinatoka kwa nani, na muuzaji akikasirika kesho tutavipata wapi vipuri? Je, iko akiba ya siku mbaya, au tutaanza kuitafuta siku hiyo hiyo? Na wanaopitisha fungu hilo, wao wamejinyima nini?

Maswali hayo hayafichui siri yoyote ya jeshi. Idadi ya mizinga na mahali ilipo ni siri halali ya taifa. Kanuni inayoongoza matumizi ya fedha za wananchi haiwezi kuwa siri kwa wananchi wenyewe.

Katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa askari waliokufa katika vita vya Kagera. Wengi walikuwa vijana waliotoka vijijini, wana wa wakulima na wafugaji. Wao walilipa sehemu ya gharama ambayo haiandikwi katika kitabu chochote cha bajeti. Uwezo ambao Mwalimu aliutangaza Novemba 2, 1978 ulikuwa ni wao, na ulikuwa pia ni mama aliyesimama katika foleni ya sukari miaka mitatu baadaye.

Ndiyo maana siku ya bajeti ya ulinzi haistahili kupitiwa kimya. Mwenye mali ndiye mlinzi, na mlinzi ana haki ya kujua silaha yake imenunuliwaje.